Saundi kadi ya zamani, kompyuta mpya: kweli au uongo?

Saundi kadi ya FireWire iliyokuwa fahari ya studio mwaka 2008 leo utaipata kwa bei ya mtumba. Muuzaji atakwambia tafuta adapta tu, mambo yameisha. Prodyuza mwenzako atakwambia hicho ni chuma chakavu, usipoteze hela. Wote wawili wamekosea. Hebu tuyapime madai yanayosikika zaidi studioni.

"Plagi ikiingia, kifaa kitafanya kazi."

Uongo, na huu ndio uongo unaokula hela za watu wengi kuliko mwingine wowote. FireWire, iliyowekwa rasmi kama kiwango mwaka 1995, na USB ni njia mbili zenye taratibu tofauti kabisa. Kwenye USB kompyuta ndiyo bosi: kifaa hakitumi kitu mpaka kiulizwe. Kwenye FireWire kifaa kinaweza kuanzisha mawasiliano chenyewe, hata na kifaa kingine, bila kusubiri ruhusa ya kompyuta. Kwa hiyo ule waya wa bei rahisi wenye kichwa cha USB upande huu na cha FireWire upande ule hauwezi kukurekodia sauti. Ndani yake mna nyaya tupu, hakuna chipu ya kutafsiri chochote.

Hasara yenyewe haiishii kwenye bei ya waya. Tundu la FireWire lenye pini 6 hubeba umeme unaoweza kufika volti 30, wakati USB ya kawaida hubeba volti 5. Ukichanganya mambo hayo mawili unaweza kuunguza saundi kadi, au tundu la kompyuta, au vyote kwa pamoja. Ukiuziwa waya huo, urudishe.

"Nunua Mac, FireWire haina shida."

Ilikuwa kweli kwa miaka mingi. Apple ndiyo iliyoongoza utengenezaji wa FireWire, na hata baada ya kuondoa matundu hayo kwenye kompyuta zake iliacha njia ya kupita. Njia hiyo ni mlolongo: adapta ya kutoka Thunderbolt 3 kwenda Thunderbolt 2, kisha adapta ya Thunderbolt kwenda FireWire 800, kisha waya wa pini 9 kwenda pini 6 kama kadi yako ni ya FireWire 400. Ukiutazama unaonekana kichekesho, lakini ulifanya kazi, na kwenye Mac zilizobaki na mifumo ya nyuma bado unafanya kazi, mradi mtengenezaji wa kadi awe na draiva inayokubali mfumo huo.

Kuna mitego miwili hapo. Tundu la USB-C lisilo na Thunderbolt halitakusaidia, hata kama umbo ni lile lile. Na adapta ya Apple hutoa wati 7 tu, kwa hiyo kadi yenye chaneli nyingi iwekewe umeme wake yenyewe.

Pigo la mwisho lilikuja mwaka 2025. Toleo la macOS liitwalo Tahoe liliondoa kabisa uwezo wa FireWire. Hakuna adapta inayoweza kurudisha kilichoondolewa ndani ya mfumo, na Mac iliyotoka kiwandani ikiwa na Tahoe hairudi kwenye matoleo ya kabla yake. Kwa hiyo kwa Mac mpya ya leo, jibu ni uongo mtupu. Kwa Mac ya zamani kidogo, usibonyeze kitufe cha kusasisha kwa sababu tu kimekukonyeza.

"Windows nayo imeitupa FireWire."

Hapa wengi hushangaa: si kweli kabisa. Kompyuta ya mezani yenye nafasi ya PCIe hupokea kadi ya FireWire vizuri, na watu wa sauti kwa miaka mingi wamependelea zile zenye chipu ya Texas Instruments. Baadhi ya saundi kadi hukorofishana na draiva ya FireWire inayokuja na Windows, zikikatakata sauti au kupotea katikati ya kurekodi. Dawa yake inajulikana: kurudisha draiva ya zamani ya FireWire ambayo Microsoft yenyewe iliitoa kwa ajili ya matatizo ya aina hii.

Kinachokwamisha zaidi siku hizi ni ulinzi. Windows 11 ina kinga ya kumbukumbu inayokataa kupakia draiva zilizoandikwa kwa mtindo wa zamani. Mtu huona kadi haionekani, akaenda kununua waya mwingine, kumbe waya hauna kosa. Unaweza kuizima kinga hiyo, lakini kwenye kompyuta unayofanyia mambo ya benki mimi nisingefanya hivyo. Kwa wenye kompyuta mpakato, habari ni fupi: nyingi za sasa hazina pa kuchomeka kadi ya FireWire.

"ASIO4ALL huamsha kadi yoyote."

Uongo. ASIO ni mfumo uliobuniwa na Steinberg ili programu ya kurekodi ifikie kadi ya sauti moja kwa moja, bila kupitia mzunguko mrefu wa Windows. ASIO4ALL ni kanzu inayovalishwa juu ya draiva ya kawaida ya Windows. Isipokuwapo draiva hiyo chini, kanzu haina mwili wa kuvaa. Itakusaidia kupunguza ucheleweshaji kwa kadi ambayo tayari inatambuliwa. Kadi isiyotambuliwa itabaki hivyo hivyo.

"Za USB hazina tatizo, hata ziwe za zamani."

Inategemea, na muuzaji ni nadra kukueleza inategemea nini. Zipo kadi za USB zilizotengenezwa kwa kufuata kiwango cha pamoja cha sauti, zinazotumia draiva iliyomo tayari ndani ya mfumo. Hizo huishi muda mrefu sana. Kiwango cha pili cha aina hiyo kilitoka mwaka 2006. Mac zilikikubali mapema, lakini Windows ilikipokea yenyewe mwaka 2017 tu, kupitia sasisho la Windows 10. Zipo na nyingine, nyingi zikiwa za miaka ya 2000, ambazo bila draiva ya mtengenezaji haziwezi hata kutoa mlio. Mtengenezaji akiuzwa, akifungwa au akichoka, kadi nzima huenda naye.

Namna ya kuzitofautisha ni rahisi. Chomeka kadi kwenye iPad kupitia adapta, ukiipa umeme wa kutosha. Ikitoa sauti bila kusakinisha chochote, imefuata kiwango, na kompyuta mpya itaipokea. Wengine huwasha Linux kutoka kwenye flashi kwa kazi hiyo hiyo, lakini Linux ina draiva za ziada, kwa hiyo jibu lake si la uhakika kama la iPad.

"USB-C itaipa kadi kasi na kupunguza ucheleweshaji."

Uongo. Kadi ya USB 2.0 hubaki na megabiti 480 kwa sekunde popote utakapoichomeka, na hizo zinatosha. Chaneli moja ya biti 24 kwa kilohezi 96 inahitaji megabiti 2.3 tu, chaneli 8 hazifiki 20. Ucheleweshaji hutokana zaidi na bafa na ubora wa draiva. Bafa ya sampuli 128 kwa kilohezi 48 ni kama milisekunde 2.7 kila upande.

"Sauti yake imepitwa na wakati."

Kwa sehemu kubwa, uongo. Fireface 800 ya RME ya mwaka 2004 ilikuwa ikirekodi biti 24 hadi kilohezi 192, na nyimbo nyingi leo hazihitaji hata nusu ya hiyo. Kadi mpya zina ukimya zaidi na nguvu zaidi kwa maiki ngumu kuendesha, hilo halina ubishi. Lakini chumba chenye mwangwi kitakuharibia wimbo kabla umri wa kadi haujafanya hivyo. Kinachozeeka kweli ni kapasita, vitufe vya kuzungusha na kibadilisha umeme. Sikiliza mkwaruzo unapozungusha kila kitufe, na ujaribu volti 48 kwenye kila tundu la maiki.

"Draiva hakuna, basi itupe."

Hapa ndipo hela inapookolewa. Kadi nyingi za FireWire zenye matundu 8 ya maiki zina tundu la ADAT, linalopitisha sauti kwa mwanga, na baadhi hufanya kazi bila kompyuta kabisa. Chukua kadi ndogo mpya ya USB yenye mlango wa kuingizia ADAT, unganisha hizo mbili kwa waya wa mwanga, na utapata chaneli 8 za ziada kwa kilohezi 48, au 4 kwa kilohezi 96 kama vifaa vyote viwili vinakubali. Ile mpya iambie ifuate saa ya ADAT, la sivyo utasikia mitiko kwenye sauti. Kadi nyingine huhitaji kupangwa kwanza kwa kompyuta ya zamani ili zikumbuke mpangilio huo, kwa hiyo fanya hivyo kabla kompyuta hiyo haijafa.

Linux nayo bado inaendeleza draiva za kadi nyingi za FireWire. Na kompyuta ya zamani isiyounganishwa na intaneti, iliyoachiwa kazi ya kurekodi peke yake, ni suluhisho halali kabisa.

Kabla hujatoa hela, nenda kwa muuzaji na kompyuta yako mwenyewe, rekodi chaneli zote kwa dakika kadhaa, kisha izime, iwashe na urekodi tena. Akikataa jaribio hilo, usinunue.