KISU KISIKUFUNGIE VIDOLE

Ndugu msikilizaji, kisu cha kukunja ni rafiki wa mfukoni mpaka siku bapa litakapojikunja ukiwa kazini. Siku hiyo makali hayaendi hewani, yanarudi pale vilipo vidole vyako. Kwa hiyo wiki hii nazungumzia komeo, kile kipande kidogo kinachozuia bapa lisijifunge, na metali inayofaa kukitengeneza.

Makomeo yako ya namna nyingi. Visu vya Opinel vya Ufaransa, vilivyoanza mwaka 1890, vilipata pete ya kuzungusha mwaka 1955. Lakini mafundi wengi wa mikono wanapenda mtindo ulioendelezwa na Mmarekani Michael Walker mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ndani ya mpini kuna bamba jembamba. Sehemu yake hukatwa mfano wa ulimi na kupindwa kidogo kwa ndani. Bapa likifunguka, ulimi huruka na kusimama nyuma ya shina lake. Ukitaka kufunga, unausukuma pembeni kwa dole gumba.

Ulimi huo una kazi mbili. Kwanza unyumbuke maelfu ya mara bila kuchoka. Pili, ncha yake iwe ngumu, isiliwe na bapa. Hapo ndipo fundi anapokuna kichwa, maana metali chache huyaweza yote mawili.

Shaba nyeupe inapendeza machoni, lakini ni laini. Ulimi wake ukipindwa sana haurudi. Alumini ni nyepesi, lakini huliwa haraka. Kwa kupamba mpini, sawa. Kwa komeo, hapana.

Chuma cha pua kinafaa, ila mpaka kipikwe vizuri: kipashwe moto mkali, kipozwe ghafla, kisha kipashwe tena kwa moto wa kiasi. Kikikosa moto huu wa pili, huvunjika kama kigae. Nacho ni kizito, na kisipokuwa cha aina inayostahimili kutu, jasho na chumvi hukimaliza.

Ndiyo maana wengi wamekimbilia titani, hasa ile iliyochanganywa na asilimia 6 ya alumini na 4 ya vanadi. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 4.4 hivi, wakati chuma kina 7.8. Kutu haiijui, nayo hunyumbuka kwa urahisi karibu maradufu ya chuma.

Kasoro yake ni ugumu. Kwa kipimo cha Rockwell C hufika kama 36, na bapa zuri huwa 58 hadi 62. Tena titani hung'ang'ania chuma: kidogo husaidia komeo lisiteleze, ikizidi komeo hukwama. Miaka ikipita ncha huliwa, ulimi husogea upande wa pili, na bapa huanza kucheza.

Mafundi wana dawa. Wengine huichoma ncha kwa cheche za umeme zinazoacha utando wa kabidi ya tangisteni. Wengine hufunga kwa skrubu kipande cha chuma kigumu, kikichakaa kinabadilishwa. Chris Reeve, fundi wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani mwaka 1989, aliufanya upande wa mpini wa titani kuwa komeo lenyewe. Kisu hicho alikiita Sebenza, neno la Kizulu la kufanya kazi.

Muuzaji atakusifia makali na mng'aro. Wewe mwulize habari za ulimi. Fungua kisu, utazame: kikiwa kipya, ulimi ushike kuanzia robo mpaka nusu ya upana wa shina. Ukiwa umevuka hadi ukingo wa pili, umekwisha. Kisha bonyeza mgongo wa bapa polepole, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Ukiteleza, mrudishie kisu chake.

Kwa maoni yangu, mtu wa pwani atafute titani yenye ncha ya chuma. Mwenye fedha kidogo, chuma kilichopikwa vizuri kitamtosha. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Nami naongeza: ulizia vimeundwa kwa nini. Tukutane wiki ijayo.