Walinzi wa Utumbo wa Kifaranga
Mwaka 1971 viini vya Salmonella infantis vilienea miongoni mwa kuku wa nyama nchini Finland. Kuku wakubwa hawaambukizwi kwa urahisi kama vifaranga, kwa nini? Kifaranga aliyeanguliwa kwa mashine hakutani na mamaye, na utumbo wake ni shamba tupu linalongoja mbegu yoyote. Esko Nurmi na M. Rantala wakawalisha vifaranga wachanga yaliyomo utumboni mwa kuku wakubwa wenye afya. Tiba ya kuchukiza, lakini ilifaa! Bakteria wema waliwahi kushika kuta za utumbo, wakala chakula na kutoa asidi. Salmonela wakakosa makao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1973. Siku hizi bakteria teule huchanganywa katika chakula au maji, ila maji yenye klorini huweza kuwaua kabla hawajamezwa.