Hadithi Fupi: Usiku Mmoja Watosha

Waandishi chipukizi wengi hushindwa na hadithi fupi kwa kuwa hutaka kuueleza ulimwengu mzima katika kurasa tano. Huanza na kuzaliwa kwa mhusika, wakapitia ndoa na safari zake, na karatasi ikawaishia kabla kisa chenyewe hakijaanza.

Ngũgĩ wa Thiong'o alipokuwa mwanafunzi wa Makerere, Uganda, alimwambia Jonathan Kariara, aliyehusika na jarida la Penpoint, kwamba ameandika hadithi, ilhali hakuwa ameiandika. Ili neno lake lisiwe uongo, ilimbidi akae chini aandike. Hadithi hiyo ilichapwa mwaka 1960, na baadaye ikaingizwa katika kitabu chake Secret Lives cha mwaka 1975 kwa jina la "Mugumo".

Tazama ilivyobanwa. Mke anayeteswa na kudharauliwa kwa ugumba anaiacha nyumba ya mumewe usiku, anafika chini ya mti mtakatifu, pale anatambua kuwa ni mjamzito, anarudi. Miaka ya mateso yake tunadokezewa njiani tu. Mtu mmoja, usiku mmoja, badiliko moja.

Ndugu mwandishi, nawe anza mlangoni, mguu ukiwa tayari nje. Sentensi isiyomsogeza mhusika kuelekea badiliko lake, ifute, hata ikiwa tamu. Ukifika mwisho usihubiri. Msomaji ana akili zake. Na ukiona kalamu nzito, mwahidi mtu hadithi, kisha uogope aibu.