Manung'uniko na milango miwili

Ukimwamkua mtu katika soko la Karurumo, kando ya barabara itokayo Embu kwenda Meru, aghalabu hutaambiwa "njema" ikaishia hapo. Utaambiwa "njema", kisha kimya kifupi, kisha "lakini". Baada ya "lakini" ndipo habari zenyewe huanza. Malipo ya kahawa yamechelewa, bei ya makadamia imeanguka, mvua imekataa, karo inadaiwa. Mwalimu naye ana yake, na katika chumba cha walimu saa nne ya chai ndiyo saa ya maombolezo.

Sisemi kwamba watu hawa ni waongo. Embu ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, tena kwa vishamba vidogo. Mnamo Julai 1989 mapatano ya kimataifa yaliyogawa viwango vya mauzo ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na katika miaka ya tisini wakulima wengi waliiacha mibuni imezwe na magugu. Wengi wetu tulisomeshwa kwa zao hilo. Anayelia kwa ajili yake ana haki ya kulia.

Jumapili, mlalamishi huyo huyo huketi kanisani na kusomewa Waraka wa Paulo kwa Wafilipi, ambamo mtume anawataka waumini wafanye kazi zao bila kunung'unika. Fundisho hilo ni la kweli. Linalonitia wasiwasi ni matumizi yake. Nimeshuhudia mwalimu kijana akiuliza mkutanoni fedha za michezo zilienda wapi, naye akajibiwa na mkubwa wake kwamba Mkristo halalamiki. Kijana akaketi. Fedha hazikutajwa tena, ila vichochoroni zilitajwa muhula mzima. Kwa jibu lile swali la haki lilizimwa, na manung'uniko yakapewa chakula.

Naomba msomaji afungue kitabu cha Hesabu, mlango wa 11. Wana wa Israeli wamechoshwa na mana. Wanakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu. La ajabu ni kwamba hawakumbuki fimbo za wasimamizi wala watoto wao waliotupwa mtoni. Hili ni la kwanza ambalo mazoea ya kulalamika humtendea mtu: huyafuta maovu ya jana ili leo ionekane mbaya kupita kiasi. Sisi walimu hatujambo katika sanaa hiyo. Husema kwamba zamani wanafunzi walikuwa na adabu. Mimi nimelipekua daftari la adhabu la miaka ya themanini, lililosahauliwa katika kabati la shule, na adabu hiyo sikuiona humo.

Mwandishi wa kitabu hicho anaongeza jambo ambalo wahubiri wetu hulipita mbio: watu walilia kila mmoja mlangoni pa hema yake. Kila mtu na jamaa yake, akimlilia jirani ambaye naye alikuwa akilia. Hapakuwa na mmoja kati yao aliyeweza kumpa mwenzake hata kitunguu.

Katika mlango huo huo yupo mlalamishi mwingine, naye ni Musa. Maneno yake ni makali kuliko ya watu wote. Anamwuliza Mungu kwa nini amembebesha taifa zima kana kwamba yeye ndiye mama yao, na anasema kwamba kama mambo ni hivyo, afadhali auawe. Je, alikemewa? Alipewa wazee sabini wa kumsaidia kuubeba mzigo. Watu na Musa walikuwa na uchungu sawa jangwani. Musa aliupeleka wake kwa aliyeweza kuujibu.

Tuvuke milango kadhaa hadi wa 27. Mabinti watano wa Selofehadi, yaani Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, wamefiwa na baba asiyeacha mtoto wa kiume, na kwa desturi ya wakati ule wangekosa urithi. Hawakukaa hemani kulia. Walikwenda wakasimama mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, mlangoni pa hema ya kukutania, wakaeleza shauri lao kwa ufasaha. Musa hakuwa na jibu, akalipeleka kwa Mungu, na Mungu akasema kwamba mabinti wamenena haki. Sheria ya urithi ikabadilishwa kwa ajili ya malalamiko ya wanawake watano. Katika nchi ambayo hadi leo mabinti huambiwa wasiguse shamba la baba, nashangaa sura hiyo haisomwi mara nyingi zaidi mimbarani.

Basi kuna milango miwili. Kila mara ninapolalamika niko katika mmojawapo: mlango wa hema yangu, au mlango wa hema ya kukutania.

Wenzetu wa sekondari msingi wametupa mfano wa karibu. Walimu hao walioajiriwa kama wanagenzi walikuwa wakilipwa takriban shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, huku wakifundisha vipindi kama mwalimu yeyote wa kudumu. Wangeweza kuishia kusononeka katika vyumba vya chai. Shauri lilifika mahakamani, na Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikaamua kwamba mpango ule ulikiuka haki zao. Mwezi uliofuata waliandamana mabarabarani, na Januari 2025 wanagenzi wapatao 46,000 wakaajiriwa kwa masharti ya kudumu. Sikuyapenda yote yaliyosemwa katika maandamano yale. Hata hivyo sioni andiko linalowahukumu kwa kubisha hodi.

Mkulima naye ana mlango. Chama cha ushirika kina mkutano mkuu wa mwaka ambapo mwanachama anaweza kudai hesabu zisomwe. Wapo wanaoilaani kamati kila jioni chini ya mti, na siku ya mkutano huenda Runyenjes kutafuta mbolea.

Katika idara yetu tumeanzisha desturi ndogo. Mwalimu akilalamika, mwenzake humwuliza, "Umemwambia nani?" Mwanzoni lilikuwa swali la mzaha na wapo waliolichukia. Kumbe ni zito. Malalamiko mengi hufa njiani, kwa kuwa mwenyewe akianza kutunga sentensi ya kumwambia mhusika huona kwamba jambo lenyewe ni dogo, au kwamba mhusika ni yeye. Mengine huzidi nguvu na kupata tarehe, kiasi na mashahidi. Bwana Yesu alifundisha katika Injili ya Mathayo kwamba ndugu akikukosea, umwendee kwanza mkiwa wawili. Sisi huanza na wale kumi wasiohusika.

Yako pia ambayo hayana ofisi. Mama aliyemwuguza mtoto mwaka mzima bila nafuu hawezi kuandika barua kwa yeyote. Kumwambia huyo asinung'unike ni ukatili uliovikwa kanzu. Sehemu kubwa ya Zaburi ni vilio, vingine vikimwuliza Mungu waziwazi atakaa mbali hadi lini, na Kanisa limeviimba kwa karne nyingi bila kuona haya. Kilio hicho nacho kina anwani.

Wakubwa wa shule nao wasijifiche nyuma ya Paulo. Nimeona sanduku la maoni lenye kufuli iliyoshika kutu na ufunguo usiojulikana aliko. Nchi hii imezika wanafunzi wengi kwa mioto ya mabweni. Pale Kyanguli, Machakos, Machi 2001, waliangamia wavulana 67. Sidai kwamba chanzo cha mioto hiyo ni kimoja. Nasema tu kwamba mnong'ono wa bwenini hauishi kwa kukatazwa.

Muhula uliopita viranja walinijia na uchungu kuhusu chakula. Niliwaomba waandike. Walirudi na malalamiko kumi na moja. Tulipoyasoma kwa sauti, wao wenyewe walifuta manne, wakicheka. Saba yaliyobaki waliyapeleka kwa mwalimu mkuu, wakasimama wima wakayasoma. Maharagwe sasa huchambuliwa mawe kabla ya kupikwa. Maji ya kuoga bado, na barua ya pili imekwisha kuandikwa.