Msafiri wa peke yake: Umeuliza halali, je, usafi?

Leo tuzungumzie afya ya mtu anayesafiri peke yake katika nchi ambayo hajui lugha wala chakula chake. Wafanyabiashara wetu wengi hufuata bidhaa Guangzhou, kusini mwa China, hivyo mfano wetu tutautoa huko.

Ndugu mmoja alikwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza. Hofu yake kubwa ilikuwa nguruwe, na kwa hakika hofu hiyo ina msingi. Huko neno "rou", yaani nyama, likitajwa peke yake mara nyingi hueleweka kuwa nyama ya nguruwe, na hata mboga za majani huweza kukaangwa kwa mafuta yake. Siku moja mwenye kiwanda alimwalika chakula, akamtilia vipande vya nyama bakulini kwa vijiti, jambo ambalo kwao ni heshima kwa mgeni. Ndugu yetu akatamka sentensi aliyofundishwa: "Wo shi musilin", mimi ni Mwislamu. Mwenyeji hakukasirika, bali aliagiza mayai na matunda.

Tangu hapo akawa anakula kwa Wahui, ambao ni Waislamu wa Kichina. Wengi wenye migahawa hiyo wametoka mikoa ya Gansu na Qinghai, na chakula chao maarufu ni tambi za kuvutwa kwa mkono katika mchuzi wa ng'ombe. Kibao chao huandikwa "qingzhen", neno litumikalo kwa maana ya halali. Herufi zake mbili humaanisha "safi" na "kweli". Msafiri aandikiwe herufi hizo kwenye karatasi, asitegemee Kiarabu pekee, kwani mwaka 2019 mamlaka za Beijing, kwa mfano, ziliagiza maandishi ya Kiarabu yaondolewe kwenye migahawa ya halali.

Pamoja na tahadhari zote hizo, ndugu yetu aliugua, na kilichomwangusha ni wali wa halali. Aliununua mchana, akala nusu, nusu akaiacha mezani chumbani hadi usiku. Mchele huwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa saa nyingi bila kuwekwa kwenye baridi, bakteria huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto. Usiku ule alitapika, kisha akaanza kuharisha.

Hapa ndipo upweke unapokuwa hatari. Nyumbani mama, mke au jirani angeona. Yeye alijifungia bila kunywa kitu, akidhani maji yatazidisha kuharisha. Aliyemwokoa ni muuza tambi, ambaye hakumwona kwenye kiti chake cha kila jioni, akamtuma kijana hotelini kumwangalia. Lugha yao ya pamoja ilikuwa salamu tu. Walimpeleka hospitali, akatundikiwa dripu.

Ndugu msomaji, kinachoua haraka katika kuharisha ni kupungukiwa na maji na chumvi. Beba pakiti za ORS. Ukizikosa, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, ukoroge, unywe kidogo kidogo. Usiache sukari, kwani utumbo huipokea pamoja na chumvi, na maji hufuata.

Mengine ya kuzingatia ni haya:

1. Kula chakula kilichoiva na kinachofuka moshi. Usilaze wali chumbani.
2. Usinywe maji ya bomba. Wachina wenyewe hunywa maji ya moto, nawe iga desturi hiyo.
3. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni.
4. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, kizunguzungu au mkojo kukauka, nenda hospitali mara moja.
5. Ukifika tu, jitambulishe kwa watu. Guangzhou upo Msikiti wa Huaisheng, miongoni mwa misikiti mikongwe ya China. Mwachie mtu mmoja jina la hoteli na namba ya chumba chako.

Tumeamrishwa kula kilicho halali na kizuri. Msafiri anayeuliza la kwanza akasahau la pili ameuliza nusu ya swali.

Wallahu a'lam.