Tujipimapo Akili na Wenzetu

Ndugu askari, katika kila kambi na kila kituo cha polisi husikika ubishi wa namna moja: nani mwenye akili kumshinda mwenziwe? Aliyemaliza sekondari humwona mjinga yule aliyeishia darasa la pili. Mzaliwa wa mji humcheka aliyetoka shamba. Twaona yafaa tulitazame jambo hili kwa makini, maana liko jeshi kubwa lililokwisha kujaribu kulipatia jibu.

Mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, wataalamu wakiongozwa na Robert Yerkes walianza kuwapima akili makuruta. Watu wapatao 1,700,000 walipimwa. Wajuao kusoma Kiingereza walipewa mtihani ulioitwa Alpha. Wasiojua, wakiwamo wahamiaji wengi kutoka Ulaya, walipewa Beta, uliotumia picha.

Je, maswali yenyewe yalikuwaje? Moja lilitaka kujua kama Crisco ni dawa au ni chakula. Kumbe ni mafuta ya kupikia yaliyouzwa madukani Marekani. Jingine lilimhusu Christy Mathewson, mchezaji wa besiboli. Katika Beta, kuruta alionyeshwa picha ya kiwanja cha tenisi, akatakiwa achore kilichopungua, yaani wavu. Mkulima ambaye hakupata kuuona mchezo huo angejuaje?

Hesabu zilizopatikana zilionyesha kwamba kadiri mhamiaji alivyokaa miaka mingi Marekani ndivyo alivyopata alama nyingi. Bila shaka hakuota akili mpya. Alikuwa amejifunza lugha na desturi za nchi. Hata hivyo, mwaka 1923 mtaalamu mmoja, Carl Brigham, alitoa kitabu akidai kuwa hesabu hizo zathibitisha upungufu wa akili katika baadhi ya mataifa ya Ulaya. Mwaka 1930 aliyakana madai hayo yeye mwenyewe, kwa maandishi. Kwa hilo twamsifu, ingawa madhara yalikwisha kuenea.

Ikiwa kuwapima wengine ni kugumu, kujipima wenyewe si kwepesi. Mwaka 1999, David Dunning na Justin Kruger wa Chuo Kikuu cha Cornell walitangaza matokeo ya majaribio waliyowapa wanafunzi. Walioshika mkia ndio waliojikweza zaidi: walidhani wamewapita zaidi ya nusu ya wenzao. Wao walieleza kwamba asiyeijua kanuni hawezi kuliona kosa lake mwenyewe.

Kwa raia, majivuno ya namna hii huenda yakaishia katika aibu tu. Kwetu sisi tubebao silaha, yaweza kuishia kaburini. Katika doria, koplo hodari wa kusoma ramani anamhitaji kuruta ajuaye kusoma nyayo na kutambua maji yaliko. Akimnyamazisha kwa kuwa hakusoma, kikosi kizima chaweza kupotea. Vivyo hivyo mpelelezi mwenye vyeti vingi amdharauye mlinzi wa soko atalikosa neno ambalo lingefumbua kesi.

Basi tusiulize tena nani mwenye akili zaidi. Tuulize mwenzetu anajua nini tusichokijua, kisha tumsikilize kabla ya amri kutolewa. Wahenga walikwisha kutuambia: kuuliza si ujinga.