Ukiacha Kazi Kumwokoa Mwenzio, Je, Waweza Kufukuzwa?

Ajali haina kinga, tena haibishi hodi. Katika kiwanda cha chai mkanda wa mashine waweza kuukamata mkono wa mtu. Katika shamba mtu aweza kuanguka kutoka juu ya trekta. Katika ofisi karani mzee aweza kuzimia ghafula juu ya meza yake. Nyakati kama hizo daktari huwa yu mbali, na gari la wagonjwa halijafika. Aliye karibu ni mfanya kazi mwenziwe, na yale atakayoyatenda katika dakika chache za kwanza huenda ndiyo yatakayoamua kama majeruhi ataishi au atakufa.

Lakini huyo mwenziwe naye ana kazi aliyopewa. Mmoja amewekwa kulinda lango, mwingine kuangalia boila, mwingine kupima majani kwenye mizani, na kila mmoja ameambiwa asiondoke mahali pake. Hapo ndipo wengi hushikwa na shaka: "Nikiacha kazi nikamwokoe huyu, je, kesho sitaandikiwa barua ya kufukuzwa?" Shaka hiyo si ya kudharauliwa. Mtu mwenye watoto shuleni husita kabla ya kuhatarisha mshahara wake, na wakati anaposita, damu ya mwenziwe yazidi kumwagika.

Jambo la namna hii lilipata kufikishwa mbele ya mahakama huko Marekani. Mwaka 1994, katika mji wa Spokane, jimbo la Washington, dereva wa gari la kubebea fedha alikuwa ndani ya gari lake nje ya benki. Akamwona mwanamke akikimbia kwa hofu kuu, na nyuma yake mtu mwenye kisu akimfukuza. Amri ya kampuni ilikuwa kali kwamba dereva asiliache gari. Hata hivyo alilifunga, akatoka kwenda kusaidia, na yule mwenye kisu akakamatwa. Kampuni ikamfukuza dereva kazi kwa kuvunja amri. Mwaka 1996 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliamua kwamba kumfukuza mtu kwa sababu hiyo kwapingana na maslahi ya watu wote, kwa kuwa uhai wa mtu aliye karibu kuuawa wazidi amri ya kampuni. Lakini majaji hawakuifuta amri yenyewe. Walikiri kwamba ni amri njema iliyowekwa kwa usalama wa madereva. Waliondoa katika nguvu zake hali moja tu, nayo ni pale ambapo uhai wa mtu umo hatarini.

Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu za Kenya, lakini yatufundisha namna ya kulipima jambo. Sasa na tutazame sheria yetu wenyewe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 46, yataja sababu kadha ambazo mwajiri hawezi kuzitumia kumfukuza mtu, kama vile uja uzito au kuwa mwanachama wa chama cha wafanya kazi. Kutoa msaada wa kwanza hakumo katika orodha hiyo. Lakini mtu asidhani kwamba kwa hiyo hana ngao. Kifungu cha 44 chasema kwamba mfanya kazi aweza kufukuzwa mara moja akiondoka mahali pa kazi bila ruhusa au sababu nyingine ya halali. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Aliyeondoka ili kuzuia damu ya mwenziwe isimwagike hakuondoka kwenda kuvuta sigara, naye ana neno zito la kusema mbele ya mwamuzi.

Tena sheria yampa nafasi ya kulisema. Kifungu cha 41 chamtaka mwajiri amweleze mfanya kazi kosa lake, kwa lugha anayoifahamu, na kumsikiliza kabla ya kumfukuza; naye mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenziwe, au mjumbe wa chama chake, katika shauri hilo. Shauri likifika mahakamani, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya haki. Akishindwa, aweza kuamriwa kumrudisha mtu kazini, au kumlipa fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12.

Iko pia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo yamwamuru mwenye mahali pa kazi kuweka sanduku la msaada wa kwanza na mtu wa kulitunza. Ikiwa wewe ndiwe uliyechaguliwa kwa kazi hiyo, omba uandikiwe barua. Mwajiri aliyekukabidhi sanduku kwa maandishi atapata taabu kukuadhibu kwa sababu ulilifungua.

Basi yafaa mfanya kazi azingatie mambo haya. Kwanza, kabla ya kuondoka, ikiwezekana simamisha mashine, kata umeme, na umwite nyapara au mtu wa kushika mahali pako. Boila isiyo na mtu yaweza kuua wengi wakati unapomwokoa mmoja. Pili, tenda lile unalolijua tu. Jeraha litokalo damu likandamizwe kwa kitambaa safi. Palipoungua pamwagiwe maji baridi kwa muda wa dakika 20, wala pasipakwe mafuta. Aliyeumia shingo au mgongo asiinuliwe ovyo. Tatu, rudi kazini mara upatapo mtu wa kukupokea, kisha andika siku hiyo hiyo saa ulipoondoka, saa uliporudi, na majina ya walioona. Nne, ukifukuzwa, usikae nyumbani ukilalamika. Peleka mashtaka yako kwa Afisa wa Kazi kabla ya miezi mitatu kwisha. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko pia, nayo muda wake ni miaka mitatu. Lakini shauri likicheleweshwa, mashahidi huhama na kumbukumbu hupotea.

Kwa waajiri nao tuna neno, na humo wamo wakulima wenye vibarua wawili watatu tu. Ukurasa mmoja wa karatasi watosha: uandikwe kwamba uhai wa mtu ukiwa hatarini kila mmoja ana ruhusa ya kuacha kazi kusaidia, na utajwe nani atashika mahali pake. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani karibu na sanduku, isomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Mwajiri asiogope kwamba wavivu wataitumia kama kisingizio, maana ajali ya kweli huacha alama na mashahidi. Kinachofaa kuogopwa ni mahali pa kazi ambapo mtu anaumia, na wenziwe wanamtazama tu kwa kuwa kila mmoja anaihofia barua ya kufukuzwa.